Mwisho wa Kumpa Mgeni

"Zima! Zima hilo dude kabla sijashuka nikalivunja!"

Iride alikuwa amejitokeza dirishani nusu mwili, shali nyeusi ikimning'inia bega moja, na sauti yake iliushukia uchochoro mzima wa Mtaa wa Kisima. Madirisha yakaanza kufunguka. Mmoja akakung'uta shuka lisilo na vumbi, mwingine akamwagilia maua yaliyokwisha kufa. Pale Monterocco hakuna anayekosa ugomvi ukimfuata hadi mlangoni.

Ng'ambo ya uchochoro, kwenye roshani inayotazamana na dirisha hilo, Delfina alisimama kando ya spika, mkono juu ya kitufe. Zumari ilikuwa bado inalia.

"Iride, dada yangu, najaribu tu. Jumapili ni sikukuu, na kamati ndiyo iliyoniomba."

"Kamati ilikuomba umpigie mjane zumari ya marehemu wake usoni?"

"Nazzareno mwenyewe angefurahi..."

"Usimtaje! Siku tunamzika ulikuwa wapi? Uchochoro mzima ulileta chungu mlangoni pangu. Hata Ubaldo, mwenyekiti wa kamati, asiyejua kuchemsha yai, alileta mkate. Wewe ulikwenda kuwinda nyimbo!"

"Hapo umenaswa, Delfina!" mtu akacheka kutoka dirisha la chini.

Delfina akazima. Siku ya maziko alikuwa mji wa pili, amemshikia kinasa sauti mzee mmoja mpiga panda, kwa hofu kwamba naye angekufa kabla hajafika. Ndivyo alivyoishi tangu aolewe pale: popote penye zumari, udi au ngoma ya sikukuu, yeye yupo. Nyimbo zenyewe ni za zama za makabaila, zama ambazo wasomi huziita Renesansi, na kila mtaa wa Monterocco una wake wa kuingilia uwanjani siku ya sikukuu. Delfina alizikusanya zote. Kanda zilijaa sebuleni, zikajaa chumbani, zikamfukuza mumewe kwenye kabati la nguo, na watu husema mume huyo alikufa akitafuta pa kutundika koti lake. Walimcheka, lakini mwaka huu Mtaa wa Kisima haukuwa na mpiga zumari, na kanda ya Nazzareno alikuwa nayo yeye peke yake.

"Na isitoshe," Iride akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "huo si wimbo wenyewe."

"Si wimbo wenyewe vipi? Alinipigia jikoni kwangu, nikimwona kwa macho yangu!"

"Alikupigia. Halafu mwishoni akakupa mwisho wa kumpa mgeni."

Delfina akacheka. Akangoja wengine wacheke naye. Aliyekuwa akikung'uta shuka akalivuta ndani. Yule wa dirisha la chini akakohoa, akafunga taratibu.

Delfina akaacha kucheka. Akashuka ngazi zake, akavuka, akapanda za Iride, hadi akasimama kizingitini.

"Nieleze."

"Nikueleze nini? Uliolewa tu hapa, Delfina. Wewe ni mzaliwa wa bondeni." Iride alikuwa ameegemea mlango, hasira zimemwishia njiani. "Mwisho wa kweli hupigwa mara moja kwa mwaka, asubuhi ya sikukuu, kwenye ngazi za kanisa. Na ukifika hapo watu hupiga kelele na kengele hulia, ili mtaa mwingine usiuibe. Siku nyingine zote, hata kwa mazoezi, hupigwa ule wa uongo. Madirisha yana masikio."

"Mitaa yote?"

"Yote."

Delfina akawakumbuka wazee wake mmoja mmoja. Yule wa Mtaa wa Mnara aliyetazama dari. Yule wa Malangoni aliyeomba maji. Wote walisita kidogo kabla ya mwisho, na yeye akadhani ni pumzi za uzee. Nazzareno alisita pia, kisha alipomaliza akatabasamu, naye akadhani ni divai.

"Miaka yote hii mkanitazama nikibeba makapi."

"Ulikuwa na furaha sana," Iride akasema. "Nazzareno alisema, mwache, hamdhuru mtu. Lakini Jumapili ni neno jingine. Watu wa Mnara wameusikia ule wa uongo kupitia madirisha tangu utoto. Tukiingia nao uwanjani watatuzika wazima."

"Basi niimbie wa kweli. Wewe ndiye uliyesimama naye ngazini na jagi la divai. Mpwa wake alikimbilia Ujerumani kabla hajapewa. Nani mwingine aliyeusikia?"

Iride akatazama uchochoroni kulia na kushoto. Akafumba macho, akaanza kuimba kwa kuguna. Sauti yake ilikuwa nyembamba na imechakaa, lakini wimbo ulikuja wote, ukapanda, ukazunguka, ukakaribia mwisho, kisha ukateleza ukaingia kwenye mwisho wa uongo.

Akakunja uso. "Ngoja." Akaanza tena. Ukateleza palepale.

Mara ya tatu alikata katikati, akajiziba mdomo kwa ncha ya shali.

"Alikuwa akiupiga ule wa uongo kila jioni," akasema. "Kila jioni, Delfina, mimi nikiosha vyombo. Wa kweli niliusikia siku moja tu kwa mwaka, kengele zikinilia sikioni. Nilijua ninao. Tangu afe nalala nikijiambia ninao."

Kwa mara ya kwanza kilikuwepo kitu Delfina alichokitaka kuliko pumzi, na hapakuwa na mlango wa kugonga.

"Hapo ulipokatia," akasema, "nami nitakatia hapohapo. Jumapili zumari ilie mpaka pale, halafu nizime."

"Na halafu?"

"Halafu kimya. Ubaldo atapiga kelele, potelea mbali. Watu wa Mnara wakitaka kucheka, waucheke ukimya, si mwisho wa uongo."

Iride akapangusa pua. Delfina akashika ukuta ili ateremke.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nina kanda za kutazama."

"Hazitakimbia, hizo." Iride akasukuma mlango ukafunguka wote, harufu ya vitunguu saumu na majani ya kukolezea mchuzi ikatoka. "Siku ya maziko hukuleta chungu, sijasahau, na nitakuambia tena kesho. Ingia ule. Dengu ziko motoni, nimepika za watu wawili tena."