Maneno ya Ukurasa wa Themanini na Moja

Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, mwaka 1956, saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu Sévère Nkeshimana alipangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, akafungua kitabu cha kusoma cha darasa la sita ukurasa wa themanini na moja, akaanza kunakili. Shule yake ya misheni, nje kidogo ya Kavimvira, ilikuwa na wanafunzi kumi na tisa katika darasa hilo na kitabu kimoja. Mwezi wa tisa uliopita aliomba vitabu kumi na tisa. Kilikuja kimoja, pamoja na barua iliyomshukuru kwa uvumilivu wake, ambao wakati huo alikuwa bado hajauonyesha.

Kwa hiyo mwaka mzima alinakili. Inspekta wa shule, Mbelgiji mpole aliyependa mambo yapimike, alimsifu katika ripoti kwa bidii yake ya kunakili. Ripoti ikasafiri hadi Ulaya, ikafika mezani kwa waliochapa kitabu. Hao hawakuliona neno bidii. Waliliona neno kunakili.

Barua yao ilifika Jumamosi. Ilieleza kwa heshima kwamba maneno ya kitabu yana mwenyewe, kwamba hayaruhusiwi kuandikwa ubaoni, karatasini wala mahali pengine popote, na kwamba yakishaandikwa yarudishwe kwa mwenyewe bila kuchelewa. Mwalimu Sévère aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya kopo la chaki. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa Alhamisi, na kila mwaka ulitungwa kutoka somo la mwisho la kitabu. Atakayefaulu angeendelea na masomo. Atakayeanguka angerudi bondeni kuvuna pamba.

Somo la mwisho lilikuwa hadithi ya mjane aliyeuazimisha Mto Ruzizi chungu chake, mto ukakataa kukirudisha. Ilikuwa na mistari thelathini na minane. Mwalimu alipoweka nukta ya mwisho, maneno yalishuka ubaoni. Kichwa cha habari kilitangulia, mengine yakafuata kwa mstari mmoja, kama siafu walioshiba. Yakapita chini ya madawati, yakatoka mlangoni. Generose, aliyekaa dawati la mbele, aliinua miguu ili yapite.

"Mwalimu, sasa tuandike nini?" aliuliza Libérat, ambaye hakuwa ameandika chochote hata kabla ya hapo.

"Andika tarehe."

Akayaandika tena. Yakaondoka tena. Saa nne alitoa sinia la ute wa kunakilia, ule unaoshika wino na kuutoa karatasi baada ya karatasi, akachapa karatasi kumi na tisa kwa wino wa zambarau. Kufikia saa tano karatasi zote zilikuwa nyeupe, na sakafuni palikuwa na msafara wa zambarau uliokuwa ukielekea mlangoni. Wanafunzi wakajaribu kunakili bila kuweka nukta, wakidhani maneno yatangoja sentensi iishe. Yalingoja kidogo, kwa adabu, kisha yakaenda. Yalijua yenyewe sentensi inaishia wapi.

Jumanne Mwalimu aliandika somo lote, akavaa kofia, akayafuata. Hakuwa na hasira na maneno. Yalikuwa yanatii barua, na katika wilaya ile ni wachache waliokuwa wakitii barua. Alitaka tu kujua yanakokwenda, ili akayaombe ruhusa.

Penye njia panda ya barabara ya Luvungi yaligawanyika. Mistari minane ya mwisho ilishika barabara ya kwenda Uvira mjini. Mistari thelathini ya mwanzo ilipinda kushoto, ikafuata kijia cha kwenda mashambani. Mwalimu akaanza na ile minane, kwa kuwa barabara yake ilikuwa nzuri zaidi.

Posta, karani Selemani alikuwa ameshayakunja maneno ya jana na kuyatia ndani ya gunia la Ulaya.

"Mwalimu, haya maneno iko inanijazia posta. Tena yanakuja bila stempu."

"Si yangu, Bwana Selemani."

"Najua si yako. Yako hayapiti hapa, yanaishia kwa inspekta." Alisogeza gunia kwa mguu. "Nimeyauliza yanakwenda wapi, yakanionyesha anwani ya waliochapa. Meli iko Ijumaa."

"Na ile mistari thelathini?"

"Hiyo sijaiona. Miye ninapokea kinachokuja."

Mwalimu akarudi njia panda, akakifuata kile kijia. Kiliishia uani kwa Pudentienne, bibi yake Generose, ambaye kijiji kizima kilimwita Nyogokuru, yaani bibi. Mistari ya jana na ya leo ilikuwa imetulia kwenye mkeka, pembeni mwa maharage. Pudentienne alikuwa akipepeta, akihakikisha maganda hayaiangukii.

"Karibu, Mwalimu. Usikanyage hapo, hapo ndipo mjane anapofika mtoni."

"Nyogokuru, maneno haya ni ya watu wa Ulaya. Nina barua."

"Weye una barua, miye nina maneno. Haya ni yangu. Yamerudi yamekonda, lakini ni yangu."

Akaeleza kwamba miaka sita iliyopita alikuja padri mmoja mwenye kalamu, akamwomba amsimulie hadithi za kale. Alikuja saa nne asubuhi, kwa sababu jioni alikuwa na ibada. Sasa, kila mtu wa bondeni anajua kwamba anayesimulia hadithi mchana hugeuka mjusi. Ukutani pale walikuwapo wawili, na yule mkubwa Pudentienne alikuwa akimsalimu kwa jina, kwani zamani alikuwa shemeji yake, mtu asiyekuwa na subira. Lakini padri ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Kwa hiyo alimsimulia hadithi hadi karibu na mwisho, akanyamaza. Hadithi isiyokwisha haihesabiwi kuwa imesimuliwa.

"Nikamwambia, Padri, rudi jua likizama nikupe mwisho. Hakurudi. Alikuwa na haraka, akaishonea hadithi mkia wake mwenyewe, akaipeleka Ulaya."

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Mkia wa padri ulikuwa na mistari minane. Ndani yake mjane anausamehe mto, anajifunza utii, na analima kwa bidii mpaka uzee wake.

"Na mwisho wa kweli?"

"Jua bado liko juu, Mwalimu. Muulize Generose, anaujua tangu anyonye. Kijiji chote kinaujua. Ni weye peke yako uliyesoma."

Alasiri Inspekta alifika kukagua shule kabla ya mtihani. Mwalimu alimweleza kila kitu kwa mpangilio, pamoja na mjusi. Inspekta aliandika yote, isipokuwa mjusi.

"Bwana Inspekta, hakuna sheria inayomruhusu mwalimu kidogo? Hata kidogo tu, kwa ajili ya kufundisha?"

"Ipo, na ni nzuri sana. Kwa ajili ya kufundisha, unaweza kunukuu kifupi."

"Kifupi kiasi gani?"

Inspekta alifikiri. Kisha akatoa rula mfukoni, akaupima ukurasa, akaweka alama ndogo kwa penseli. "Mistari mitatu."

"Basi nitaandika mitatu leo, mitatu kesho."

"Mitatu na mitatu ni sita, Mwalimu. Sita si kifupi."

"Kwa hiyo mitatu yenyewe nichague ipi?"

"Hapo una uhuru kamili," alisema Inspekta, akairudisha rula mfukoni.

Mwalimu Sévère alisimama pale hadi vumbi la gari la Inspekta lilipotua. Alikuwa amefundisha miaka kumi na miwili, na alijua kwamba mtu mwenye rula hashindwi kwa maneno. Lakini usiku alikumbuka kwamba barua ilikuwa imetaja ubao, karatasi na mahali pengine popote pa kuandikia. Vichwa haikuvitaja.

Jumatano hakugusa chaki. Aliwaambia wanafunzi wafunge madaftari, akawaeleza kwa mdomo mjane wa kitabuni alivyofanya.

"Akausamehe mto?" Generose aliuliza.

"Akausamehe."

"Na chungu?"

"Chungu hakitajwi tena."

Wanafunzi wakatazamana, kama watu waliosikia msiba wa mbali.

"Mwalimu, hiyo si hadithi," alisema Generose. "Hayo ni mahubiri."

"Ni mtihani, mwanangu. Shikeni hivyo hivyo mpaka kesho saa sita, halafu kila mtu arudi kwenye mjane wake."

Walishika. Libérat mwenyewe alirudia mwisho wa padri mara nne bila kosa, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza wiki ile, alikula chakula cha mchana hadi kikaisha.

Alhamisi saa mbili Inspekta aliandika swali ubaoni kwa mkono wake: Hadithi ya mjane na mto inakwishaje? Swali halikuondoka, kwa kuwa lilikuwa lake. Wanafunzi wakainama. Kumi na wanane waliandika mwisho wa padri, vizuri, kwa herufi zilizolala upande mmoja kama walivyofundishwa. Na kila mmoja alipoweka nukta, jibu lake lilishuka miguuni mwa dawati, likatoka kwenda Uvira. Msafara ulipita kati ya viatu vya Inspekta. Alivisogeza bila kuacha kusoma breviari, kitabu cha sala alichoazima kwa padri wa misheni.

Generose aliona dawati la jirani yake likibaki tupu, akaweka kalamu chini. Akafikiri. Kisha akaandika kwamba mjane hakuusamehe mto. Alikwenda pale kwenye kivuko, akayatoa mawe yote moja baada ya jingine, akayapanga kikapuni, akaenda nayo nyumbani kwake. Watu na ng'ombe wakakosa pa kuvukia, wakaanza kuutukana mto usiku na mchana, mpaka mto ukaona aibu, ukaleta chungu mlangoni. Mjane akarudisha mawe yote, isipokuwa moja. Hilo alilibakiza la kuegemeza chungu.

Aliweka nukta. Maneno yalikaa. Hayakuwa yamewahi kuchapwa na mtu yeyote, kwa hiyo hayakuwa na safari.

Inspekta alikusanya karatasi.

"Hizi kumi na nane ni tupu, Mwalimu."

"Zilikuwa zimejaa, Bwana Inspekta. Umeyaona maneno yakipita."

"Nimeyaona. Lakini ninasahihisha karatasi, sisahihishi kilichopita." Akaichukua ya kumi na tisa, akaisoma polepole, akaisoma tena, akatabasamu. "Hii ni nzuri sana. Inapendeza kuliko ya kitabuni."

"Basi?"

"Basi ni kosa. Jibu sahihi liko ukurasa wa themanini na moja." Akaandika sifuri juu yake, sawa na kwa zile nyingine, akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wake, peke yake.

Jioni Generose alimuuliza bibi yake kama atageuka mjusi kwa kuutoa mwisho mchana. Pudentienne alimtazama mgongoni, akapapasa.

"Hapana. Mdomo ulikuwa umefungwa. Kuandika si kusimulia."

Wiki iliyofuata Pudentienne aliletewa fomu tatu za waliochapa kitabu, za kuomba ruhusa ya kuendelea kuyaweka uani maneno ya mistari thelathini, na ya kuisimulia hadithi ile mbele ya watu zaidi ya watano. Mwalimu alimjazia. Mahali palipoandikwa jina la mwenye maneno, alimuuliza aandike nani.

"Andika miye."

"Hapo wameshachapa jina lao, Nyogokuru. Nafasi iliyobaki ni ya mwombaji."

"Basi niandike hapo. Nimeomba mambo magumu zaidi."

Majibu hayajaja.

Mwezi wa kumi mwaka uliofuata, Mwalimu Sévère aliomba vitabu ishirini na viwili, akapata kimoja. Kilikuwa chapa mpya, iliyosahihishwa na kuongezwa. Alikifungua kwenye ukurasa wa themanini na moja akiwa amesimama. Mjane alikuwa akitoa mawe kivukoni, neno kwa neno kama ilivyokuwa kwenye karatasi ya Generose, hadi lile jiwe la kuegemeza chungu. Chini waliwashukuru wakaguzi wa shule kwa kukusanya kwa uangalifu. Chini zaidi walieleza kwamba haki zote zimehifadhiwa.

Alilitafuta jina la Generose, kisha la Pudentienne, kisha akageuza ukurasa, pengine walilisukuma nyuma. Nyuma palikuwa na picha ya ng'ombe.

Generose wakati huo alikuwa bondeni, safu ya nne ya pamba, na gunia kiunoni.

Mwalimu akapangusa ubao, akanakili somo lote, akaweka nukta. Maneno yakashuka, yakapita chini ya madawati, na wanafunzi wapya wakainua miguu bila kuambiwa. Penye njia panda hayakugawanyika. Yalipinda kushoto yote, na hakuna hata moja lililoshika barabara ya Uvira.

Pudentienne aliyaona yakija kwa mbali. Akasogeza maharage, akatandika mkeka wa pili.

Mwalimu akafunga kitabu, akatafuta chaki nyingine.

"Andikeni tarehe," alisema.