Ekra ya Kadiri

Ineza alizaliwa na ngozi nyeupe kati ya ndugu weusi, na kazi yake ilikuwa kuuzisha sambaza, vile visamaki vidogo, kando ya ziwa. Donc jua ilimupika kila siku. Mwaka ile wa tisini na saba kidonda ikatoka juu ya sikio, kidogo kama mbegu ya mahindi, ikakataa kupona.

Mama mudogo Mukantwari, mwenye alimulea, alikuwa na dawa yake. Sambaza ukianika inakauka, si ndiyo? Basi na kidonda itakauka. Kila siku saa sita ya muchana anamukalisha Ineza kwa muchanga, sikio imeangalia juu. Kidonda ikazidi kufunguka, asubui damu iko kwa shuka.

Ndiyo wakapanda kwa dokta Damascène, kule Nengo. Akashituka. Akasema jua ndiyo inamukula huyu binti, na kidonda ya namna hii ukiiacha inaweza kugeuka kanseri. Warudi wiki ya kuja, vyombo vya kukata vitakuwa vimefika. Kwa sasa avae kofia pana, nguo ya mikono mirefu, na atumie ekra. Kisha akakimbilia mugonjwa mwingine.

Ekra! Mukantwari alitoka pale kama mutu amepewa ng'ombe. Nani Gisenyi hajui ekra, ile kioo ya kuonyeshea filme? Kubwa iko moja tu, kwa Kadiri, kwenye nyumba ya video, pale vijana wanaangaliaka filme za karate. Kofia akasahau, mikono mirefu akasahau. Akamuvuta Ineza mbio mbio mpaka kwa Kadiri, akasema amemuletea mugonjwa.

Kadiri alicheka mpaka akakaa chini, lakini akatoa kiti ya mbele. Wiki muzima, asubui mpaka jioni, Ineza akakaa mule gizani, madirisha imefunikwa na mablanketi, sikio imegeukia Wachina wenye kupigana. Vijana wakamuita Madame Ekra. Akawajibu yeye anaangalia bure, dokta ameamuru, wao je? Na kweli, uso ukaacha kuwaka, midomo ikaacha kupasuka. Ata damu ikapunguka.

Siku ya kurudi, Mukantwari aliingia kwa dokta karibu acheze. Akaeleza yote, Kadiri, kiti, Wachina. Akauliza sasa kukata ni ya nini, na ekra inaponesha?

Dokta akashika kichwa. "Mama, ekra yangu ni mafuta ya kupaka, jina tu ndiyo inafanana. Inazuia jua. Ile ya Kadiri haikuponesha kitu."

"Na uso wake?"

"Mulimutoa kwa jua, ni ile tu. Kidonda bado iko, Mama."

Mukantwari akanuna. Akasema madokta wanapenda visu, wiki ingine moja kwa Kadiri itamaliza yote, akamushika Ineza mukono watoke.

Roho ya Ineza ilikuwa inaruka, na haikuwa woga. Miaka yote aliambiwa ngozi yake ndiyo mbaya. Kumbe ni jua, na jua mutu anaweza kuikimbia! Akakalia kitanda ya dokta.

"Mama mudogo, mi siendi. Akate."

"Na sikio yako, mwana?"

"Akikata leo, mi nabaki na sikio. Tukingoja, itakula yote."

Mukantwari akasimama mulangoni, ametazama inje. Kisha akarudi, akauliza mafuta ile inaitwa nani kwa famasi, na akawekea dokta kidole pale pale kwenye kidonda, eti asije akakosea sikio.