Dawa ya Radi

Mume wangu Jethro alikuwa na sikio la kujitakia taabu. Watu wote wa Mosocho walisikiliza redio za betri zenye mkwaruzo, wakapata habari zao na matangazo yao ya vifo, wakaridhika. Yeye, mwalimu wa nyimbo shuleni, alisema mkwaruzo ule unamkuna mpaka kwenye ubongo. Mwaka wa sabini na mbili, mzungu mmoja wa kilimo alipofunga virago kurudi kwao, Jethro akanunua kwake amplifaya na spika mbili zilizonifika kiunoni. Umeme tulikuwa nao, kwa kuwa laini ya kwenda misheni ilipita mlangoni petu. Kilichokosekana ni kile chombo cha kunasa stesheni, wenyewe wanakiita tyuna, pamoja na antena yake. Kwa miezi kadhaa spika zile zilikaa sebuleni kama wageni walionuna.

Siku ya kununua alinichukua tukaenda wote mjini Kisii, dukani kwa Haresh, maana alijijua: peke yake angerudi na kitu cha kung'aa. Na kweli, tulipoingia tu macho yake yaliifuata tyuna moja ya rangi ya fedha, yenye taa ya kijani na sindano inayocheza.

"Hiyo nzuri, mwalimu, lakini si ya huku," Haresh akasema. "Hiyo ni FM, na FM ni ya Nairobi. Hapa kwetu milima imekaa katikati. Utasikia shhh mpaka uzeeke."

"Na antena yake?"

"Utepe tu, unabandika kwa ukuta. Haina shida, haina faida." Akashusha nyingine kutoka rafuni, nyeusi, yenye sura ya kazi. "Chukua hii. Masafa ya kati iko, masafa mafupi iko. Kisumu utapata, Nairobi utapata, mpaka London utapata. Lakini hii inataka waya mrefu wa nje, juu kabisa."

Jethro alibisha. Alirudi kwenye ile ya fedha, akavigusa vitufe vyake, akanitazama kama mtoto anayeomba ruhusa. Nikamwambia achukue ya kusikika, si ya kutazamwa. Laiti angeshikilia ubishi wake! Leo angekuwa hai na tyuna yake ya kung'aa na shhh yake, nami ningekuwa namcheka.

Alipokubali, Haresh akanigeukia mimi. "Mwalimu atapanda mti, sawa. Sasa wewe mama nisikilize, kwa sababu hapa Kisii radi ni jirani. Waya ikishuka, kabla ya kuingia dirishani inapita kwa hiki kidude cha kigae. Njia moja inaenda kwa tyuna, njia moja inaenda chini." Akaweka mezani fimbo ya shaba, urefu wa mkono. "Chimba shimo karibu na dirisha. Weka makaa, weka chumvi nyingi, mwaga maji, halafu uzike hii fimbo na ufunge waya. Radi ikija itapita huku, iende ardhini ilale. Hii ndiyo dawa ya radi."

Jumapili Jethro aliukwea mkaratusi ulio nyuma ya jikoni, akafunga waya kule juu, akaushusha mpaka dirishani. Jioni ikamkuta hajachimba. Kesho yake alikwenda shuleni, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua aliniachia kazi hiyo, akasema nisilaze damu. Sikulaza. Nilichimba mchana kweupe, kila apitaye njiani akiniona.

Mama mkwe wangu, Bochaberi, alikaa ng'ambo ya migomba yetu. Kanisani alikuwa mtu wa benchi la mbele kila Sabato. Alinikuta nimepiga magoti chini ya dirisha la mwanawe, mikono imejaa makaa, namwaga chumvi shimoni.

"Unazika nini, mokamwana?" Ndivyo tunavyomwita mke wa mwana.

"Nazika radi, mama," nikamjibu. "Isije ikatuzika sisi."

Hakucheka. Nikaanza kumweleza habari za waya na fimbo na duka la Haresh, lakini niliueleza mgongo wake, alikuwa ameshaondoka. Kwetu kitu kikizikwa karibu na nyumba ya mtu, watu hawaulizi ni cha nini. Wanauliza ni cha nani. Nilijua hivyo, ila nilikuwa mke wa mwalimu, na nilidhani mambo hayo yamepitwa na wakati.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema, na sitaki mtu aninyang'anye hizo. Jethro akirudi kutoka shuleni alifungua mlango, akazungusha kitufe polepole, na nyumba ikajaa kwaya. Majirani walikaa nyasini. Persis, mtoto wetu wa pekee, alicheza mpaka akaanguka, baba yake akamwokota wakaendelea.

Kisha ikaja alasiri moja ya mvua, mvua yetu ya kila siku. Nilikuwa jikoni na Persis. Wingu lilipotanda jeusi juu ya mkaratusi nilimpigia Jethro kelele azime chombo chake. Akanijibu kutoka sebuleni, akicheka, "Si ulishaizika radi?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mwanga na mshindo vilikuja pamoja. Nilipoingia, moshi ulikuwa unatoka kwenye spika, naye alikuwa sakafuni mbele ya tyuna, mkono umeungua. Nilimwita, nikamtikisa, nikamwita tena. Persis alikuwa amesimama mlangoni, anaona yote.

Tulipokwisha kumzika, ukoo ulikaa uani. Mogire, kaka yake marehemu baba mkwe, ndiye aliyeongoza. Bochaberi akasimama, akafungua jani la mgomba alilolikumbatia. Ndani yake mlikuwa na fimbo ya shaba na makaa yenye chumvi.

"Hiki ndicho Gesare alichokizika dirishani kwa mwanangu," akasema, akininyooshea kidole. "Nilimleta omoriori akakifukua, siku mokamwana alipokwenda sokoni Nyamache. Tulikitoa, lakini tulichelewa. Alikuwa ameshaiita radi."

Omoriori ni mganga wa kufukua uchawi. Basi mtu wa benchi la mbele alikuwa amemleta omoriori nyumbani kwangu. Wakafukua, wakafukia, wakanyamaza. Na mume wangu akakaa chini ya waya ule, radi ikaja ikatafuta njia ya ardhini, ikakuta udongo mtupu.

"Ni nyinyi mliomuua!" nikapiga kelele. "Hicho ndicho kilichokuwa kinamlinda!"

Bochaberi alilia. Alikuwa amefanya vile kumwokoa mwanawe, na hilo nililiona hata siku ile. Nilimhurumia, na ninamchukia mpaka leo. Yote mawili ni kweli.

Niliwaomba wanipe muda nimlete shahidi. Mogire akakubali, nami nikaenda mjini kwa miguu. Haresh aliponisikiliza alishika kichwa. Mkewe, Chandrakala, akamsihi asije, akisema mambo ya ukoo wa watu si ya kuingiliwa. Haresh akafunga duka, akachukua fimbo nyingine kama ile, akanipakia kwenye gari lake. Njiani sikuogopa kitu. Nilikuwa na mtu wa kusema kweli, na kweli ilikuwa upande wangu.

Alisimama katikati ya ua, kofia mkononi. "Wazee, mama huyu hana kosa. Hii kitu nilimuuzia mimi. Kuzika, nilimwambia mimi. Makaa, chumvi, shaba, yote ni mimi nilimfundisha. Ni dawa ya radi."

Mogire alikuwa akigeuza Kiswahili chake kwa Kigusii ili wazee wote wafuate. Neno hilo aliliacha. Hapakuwa na haja ya kugeuza. Dawa kila mtu anaijua.

Nikaruka juu. "Dawa ya mbu huleta mbu? Dawa ya minyoo huleta minyoo? Mna akili gani?"

Bochaberi akaniuliza bila kupaza sauti, "Na dawa ya mapenzi, mokamwana? Huyafukuza?"

Haresh alianza kueleza upya, mambo ya shaba na njia ya umeme, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mganga aliyeniuzia. Vijana walimsukuma mpaka kwenye gari lake, wakavunja kioo.

Uamuzi haukuchukua muda. Nirudi kwetu na nguo zangu. Mtoto ni wa ukoo, atabaki kwa nyanya yake. Mogire aliniambia nishukuru, kwani kwingine ningeletewa nyasi kavu na kiberiti nichomwe. Persis alinishika gauni, wakamfungua vidole.

Niliomba jambo moja tu. "Basi huo waya wa mtini ukateni. Mtoto atalala chini yake."

Wakatazamana. Mogire akasema kitu kilichopigwa na radi hakiguswi. Na mtu anayekiulizia, akasema, ni mwenye uchawi anayekitaka.

Sasa niko Nyamira kwa kaka yangu, nachuma chai. Wapitao huko wananiambia Bochaberi amehamia nyumba yetu na Persis, kwa sababu mabati yake hayavuji, na waya bado uko pale, kutoka mkaratusini mpaka dirishani. Alasiri wingu likitanda upande wa Mosocho naweka kikapu chini, nasimama kwenye mvua mpaka iishe. Wenzangu wanadhani naomba.

Jioni nafungua redio ya kaka yangu, ya betri, yenye mkwaruzo. Habari sizijali. Nasubiri matangazo ya vifo, naweka sikio karibu, nasikiliza majina yote. Yakiisha bila jina la Persis, nazima redio, naenda kupika.