Tebo ya Saba Juu ya Dungu

Masika yalipoingia wiki ya sita, Verdiana aliacha kuamka.

Hakuwa na usingizi. Alijilaza tu, macho yakiwa kwenye bati, akisikiliza mvua. Kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo. Mto Mkondoa ukijaa na daraja la magogo likisombwa, watoto wa ng'ambo yao, njia ya kwenda Kidete, hawakuvuka tena kwenda shule mpaka maji yapungue. Mwalimu mkuu alikwishasema: mzazi anayejua kusoma afundishe nyumbani, mwalimu atakuja kuwapima watoto, na atakayeshindwa atarudia darasa. Mwaka jana walirudia wanne.

Verdiana alikuwa na kidato cha nne chake. Machi alianza kwa moto wa mabua: ratiba ukutani, jembe bovu la kugonga kengele, kuchelewa marufuku. Kufikia katikati ya Aprili yalibaki majivu. Madaftari ya Scholastica wa darasa la tano na mdogo wake Goodhope wa darasa la tatu yaliishia tarehe kumi na nne.

Donati, mumewe, kibarua wa shamba la mbegu kule Kilangali, alipiga simu kila Jumapili. "Shule inaendeleaje?"

"Inaendelea," alijibu Verdiana kila mara.

Mei mpunga ukaanza kushika punje, kwelea wakaja. Watoto wakapanda dunguni, jukwaa la miti katikati ya majaruba, kuwinga ndege tangu alfajiri. Siku ya tatu Verdiana alijikokota kuwafuata, maana hata aliyekata tamaa hula wali. Akawakuta sauti zimewakauka.

"Mama, hawa ndege wametuzoea," Scholastica alilalamika. "Tukisema 'hoya' wanaona kama tunawakaribisha chakula."

"Basi pigeni kelele nyingine."

"Ipi?"

"Yoyote! Hata tebo ya saba!"

Aliisema kwa hasira tu, lakini Goodhope hakungoja. Alisimama, akatanua miguu.

"Saba mara mojaaa!"

"Sabaaa!" dada yake akapokea.

Ndege wakaruka. Walipofika saba mara tisa, watoto wakakwama, wakatazamana, na kundi likaanza kutua tena. Verdiana akajikuta yuko wima. "Sitini na tatuuu!" akafoka, na jaruba zima likatimka mabawa. Akacheka. Tangu Pasaka hakuwa amecheka.

Kesho yake aliibandua ratiba ukutani, akawashia moto wa chai. Shule ikahamia dunguni, asubuhi na jioni, saa za ndege. Mchana jua likiwaka, ndege wakipumzika, naye alilala bila aibu. Insha ziliandikwa kwa kijiti kwenye tope. Kusoma kulikuwa kwenye mifuko ya mbegu aliyoleta Donati. Siku ambazo moyo uligoma kabisa, walipiga tebo mbili tu, na hizo zikatosha.

Wiki ya mwisho ya Mei, Mwalimu Editha akatokea uani, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi.

"Hodi! Mama Skola, leo maji yamenipisha. Nipatie madaftari."

Verdiana angeweza kusema yamelowa. Nani angebisha, kwa masika yale?

"Hayana kitu, Mwalimu. Tangu tarehe kumi na nne Aprili. Nilichoka."

"Ulichoka?"

"Nilichoka. Lakini twende shambani uwapime."

"Shikamoo, Mwalimu!" watoto waliita kutoka juu.

"Marahaba. Goodhope, shuka. Saba mara nane?"

Goodhope alishuka, akatazama vidole vyake vya miguu. Kimya. Mwalimu akarudia. Kimya. Verdiana tayari alimwona mwanawe mwakani kwenye dawati lile lile, pamoja na watoto aliowazidi umri.

"Mwalimu, huku chini hajui," Scholastica akasema. "Mrudishe juu."

"Yaani chini hajui, juu anajua?"

"Na ndege wawepo."

Editha akajizuia kucheka. Goodhope akapanda. Wakangoja mpaka kundi likashuka juu ya mpunga.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sitaaa!"

Anga likajaa kwelea. "Tisa mara sita?" Mwalimu naye sasa alikuwa akipiga kelele. "Nane mara nane?" Hakukosa hata moja. Kisha Editha akaisoma insha ya Scholastica akitembea kimbavumbavu juu ya tuta, kwa kuwa ilikuwa na urefu wa hatua kumi na tano.

"Wote wawili wanaendelea," alisema, akipangusa tope. "Ila huyu wa kiume itabidi tumfundishe kunong'ona."

Verdiana alishusha pumzi ndefu. "Na mimi niliyechoka je?"

"Mama Skola, shuleni tuko walimu kumi na wawili, na Aprili tunachoka wote. Tofauti yetu na wewe, sisi tunayajaza madaftari."

Walicheka hadi ndege wakaahirisha kutua.

Jumapili simu ikaita Verdiana akiwa chini ya dungu. "Shule inaendeleaje?" Donati akauliza.

Verdiana aliinua simu juu, kuelekea kwenye kelele.

"Sikiliza mwenyewe, baba Skola."