Kamba Katika Wimbi

Wimbi halipaliliwi kwa kusimama. Unachuchumaa na kijembe kifupi, macho karibu na udongo, kwa sababu kuna gugu moja linalofanana na wimbi kama ndugu wa tumbo moja, na ukilitazama kwa mbali utang'oa chakula uache gugu. Kazi hiyo huchosha mtu akiwa peke yake. Ndiyo maana wanawake wa upande ule wa Ekerenyo walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani wanaozunguka kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, wote wamechuchumaa bega kwa bega na kusogea mbele pamoja.

Persis alikuwa na mahali pake katika mstari huo. Kulia kwake alikaa Nyamoita, mke wa Machogu, na kulia kwa Nyamoita alikaa Nyangate, mama mwenye ulimi mkali. Hakuna aliyewapanga hivyo. Nyamoita aliumia nyonga alipomzaa mtoto wake wa mwisho, na tangu siku hiyo kuchuchumaa kwake kulikuwa mateso. Alipalilia kidogo, akapiga goti, akavuta pumzi, akaendelea. Lakini mstari haukuwahi kumwacha nyuma. Wimbi humwagwa kwa mkono tu, na katikati ya shamba hakuna ajuaye kipande cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Kijembe cha Persis kiliingia kulia kidogo. Cha Nyangate kiliingia kushoto kidogo. Kilichobaki mbele ya Nyamoita kilikuwa chembamba, kiasi cha nguvu zake. Wote watatu walifika mwisho wa shamba kwa pamoja, na hakuna aliyelisema jambo hilo hata siku moja.

"Moka Machogu," Nyangate alikuwa akimtania kwa jina la mumewe, "wewe unapalilia au umelala?"

"Nalibembeleza," Nyamoita alijibu. "Lako likiota limenuna, usiulize kwa nini."

Mstari mzima ulicheka. Hata waliokuwa mbali na hawakusikia vizuri walicheka kwa sababu wenzao wamecheka.

Miaka michache baada ya uhuru alikuja bibi mmoja wa maendeleo, akawaambia kwamba vikundi vya akina mama vikijiandikisha vinaweza kusaidiwa kupata mashine ya kusaga. Wanawake walisikia neno mashine wakatazamana. Kusaga kwa jiwe kulikuwa kumewamaliza mikono. Lakini kikundi kinachojiandikisha, bibi huyo alisema, sharti kiwe na masharti na kila mtu ajulikane kazi yake.

Aliyeshika kazi hiyo ya kukiandikisha kikundi alikuwa Orpah, mke kijana aliyefika darasa la saba. Mtu hangemwita Orpah mbaya. Alisalimu wakubwa kwa mikono miwili, na alitaka mashine ije kwa ajili ya wote. Alileta kamba ya mkonge na vijiti, akagawa shamba kabla ya kazi kuanza: hiki cha Persis, hiki cha Nyamoita, hiki cha Nyangate, vyote sawasawa.

"Hivi hakuna atakayelalamika kwamba amefanya zaidi ya mwenzake," alisema.

Wengi walifurahi. Kwa kweli hata Persis aliona ni jambo zuri, mpaka alipochuchumaa. Alipeleka kijembe kulia, kikagonga kamba.

Siku hiyo walimaliza mmoja baada ya mwingine. Aliyemaliza alikaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu. Mwishowe wote walikuwa wamekaa isipokuwa Nyamoita. Alikuwa amepiga magoti katikati ya kipande chake, na kwa mara ya kwanza kila mtu aliona jinsi alivyokuwa akifanya kazi. Alikuwa akishika nyonga kwa mkono mmoja na kijembe kwa mwingine.

Persis aliinuka.

"Mama Persis," Orpah alisema kwa sauti ya chini, "tulikubaliana. Kila mtu na chake."

Persis alikaa tena. Nyangate alikuwa akisugua udongo kwenye kidole cha mguu kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani.

Nyamoita hakumaliza. Na mara ya pili, katika shamba la Nyangate, hakumaliza tena. Na sharti moja walilokubali wenyewe kwa kuinua mikono lilisema hivi: anayeacha kipande chake mara mbili, kikundi hakiendi kwake. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Nyamoita. Magugu shambani mwake yalikuwa yameanza kulipita wimbi urefu. Mume wake alikuwa kwenye mashamba ya chai huko Kericho, haji mpaka mwisho wa mwaka, na wimbi hilo ndilo lililokuwa chakula cha nyumba yake. Lisipopaliliwa wiki hiyo, basi.

Walikutana kwa Orpah Jumapili mchana, Wakatoliki walipokwisha kutoka kanisani. Wasabato walikuwa wamepumzika jana yake. Nyamoita alikuja, akakaa karibu na mlango. Orpah alieleza sharti, na ilionekana wazi kwamba linamchoma yeye mwenyewe.

"Nami sipendi," alisema. "Lakini tukilivunja sasa, ni sharti gani litakalobaki?"

Persis alimpenda Nyamoita, na aliona shamba lile linakufa, akasimama.

"Huyu mama nyonga yake ni mbovu tangu alipojifungua," alisema. "Nanyi mnajua. Miaka yote hii mimi na Nyangate ndio tumekuwa tukimpalilia. Yeye alikuwa akipalilia kidogo sana, tunamalizia sisi. Na kuna ubaya gani uliotokea? Basi acheni tuendelee kumsaidia hivyo hivyo."

Alidhani amemwokoa. Kisha akaona nyuso. Nyangate alimtazama kwa hasira.

"Mimi unanitajia nini?" alisema. "Nimewahi kukuambia mimi namsaidia mtu?"

Wanawake waligeuka kumtazama Nyamoita, wote kwa pamoja, na kwa macho ya huruma. Orpah alifurahi kwa sababu njia ilikuwa imepatikana.

"Basi tuweke sharti lingine," alisema. "Wagonjwa watasaidiwa. Mama Nyamoita tutamwandika kwa wagonjwa, na kesho kutwa twende kwake."

Wote waliinua mikono. Nyamoita alicheka kidogo, ile sauti yake ya shambani, lakini safari hii hakuna aliyecheka naye.

"Asanteni," alisema, akatoka.

Siku yenyewe walikwenda na vijembe. Mwenye shamba huwapikia watu uji, na ukikaribia boma unauona moshi. Kwa Nyamoita hapakuwa na moshi. Alikuwa amesimama njiani na shuka begani.

"Bwakire," alisalimu, kwa upole kama anavyosalimiwa mgeni wa mbali. "Leo kwangu hakuna kazi. Rudini, msipoteze siku."

Orpah alimsihi. Nyangate alirudi wa kwanza.

Kesho yake Persis alikwenda peke yake. Alimkuta Nyamoita shambani, ameketi chini kabisa, anajivuta kwa makalio kutoka gugu hadi gugu. Persis alichuchumaa kushoto kwake bila kusalimu, akaanza kama zamani, kijembe kikienda kulia kidogo.

Nyamoita aliacha kupalilia.

"Umekuja kumsaidia mgonjwa?"

"Dada, nimekuja kama kila siku."

"Haiwezi kuwa kama kila siku."

"Kwani hukujua? Miaka yote hukujua?"

"Nilijua," Nyamoita alisema. "Nilijua kila mara mkono wako ulipoingia. Nikawalipa kwa kuwachekesha. Nilikuwa mtu anayefanya kazi na wenzake, Persis. Sasa nikichuchumaa pale mtakuwa mnanitazama mnasema, tumwachie kiasi gani?"

"Nilitaka wimbi lako lisife."

"Najua ulichotaka."

Akajivuta mpaka upande wa pili wa shamba, pole pole, akaendelea huko, mgongo amempa Persis. Persis alipalilia mpaka jua lilipokuwa kali. Alipotazama alichofanya, aliona kimekaa peke yake, kipande safi katikati ya magugu, hata mtoto angekionyesha kwa kidole kilipoanzia na kilipoishia. Akaondoka.

Mvua ilinyesha usiku na mchana wiki ile. Iliponyamaza, Persis alikuwa akiteka maji kijitoni alipomwona Nyamoita ng'ambo, amesimama kwenye ua wa shamba lake. Magugu yalikuwa yamelimeza wimbi lote. Nyamoita aliondoa miti ya mlango mmoja mmoja, akailaza kando vizuri. Kisha akampiga ng'ombe wake kofi dogo la mgongoni, na ng'ombe akaingia, akainamisha kichwa, akaanza kula.