Vipimo vya Marehemu

"Wifi, hebu njoo. Koti hili la nani?"

"La mwalimu."

"Mwalimu yupi? Yule mwembamba, au ni walimu wawili watalivaa pamoja?"

Mama Pindo hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akavitazama vipande ambavyo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amejipachika kifuani. Upana ule aliujua. Bega lile lililoteremka kidogo upande wa kushoto alilijua pia. Alikuwa amekata koti la mume wake, na mume wake yuko kaburini tangu mvua zilipoanza.

"Watoto wa mwalimu wamechangiana kitambaa hicho," alisema taratibu. "Zawadi ya kustaafu."

"Basi una bahati umekata kubwa, litapunguzwa. Ungekata dogo tungehama mtaa." Wifi akaviweka vipande mezani, mzaha ukamwisha usoni. "Lakini wewe si mtu wa kukosea. Vipimo hivi umevitoa wapi?"

Mama Pindo angeanzia wapi?

Sasa, ili mtu aelewe, lazima ajue Mama Pindo na mumewe walivyofanya kazi. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kuoga, ndiye aliyepima. Hakuandika kitu. Alimzungusha mteja, akaita kipimo kwa sauti. Mama Pindo, chaki mkononi, akakirudia kwa sauti vilevile, ndipo akakichora kwenye kitambaa. Asiporudia, Tepu haendelei ng'o. Atasimama pale na mteja wake mpaka ajibiwe. Hata siku walizonuniana, na walinuniana kweli kweli, vipimo viliitwa na vikajibiwa. Wateja walicheka, wakasema nyie mnaimbiana. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, meza ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka pembeni, na mkasi ambao Tepu aliupoteza kila siku chini ya vitambaa. Lakini kilikuwa na raha, jamani. Kilikuwa na raha sana.

Kwa hiyo Tepu alipoanza kuita vipimo usiku, wiki chache baada ya mazishi, Mama Pindo hakuogopa hata kidogo. Alimjibu. Alilala ubavu, akarudia kila kipimo, akapitiwa na usingizi huku anatabasamu. Asubuhi alianza kazi akiwa mwepesi. Amwambie nani, na ya nini?

Siri hiyo ndiyo aliyoitoa sasa, akikunjakunja ncha ya gauni lake. Alitegemea wifi yake apige kelele. Wifi akavuta kigoda, akaketi.

"Hata mimi nilimsikia," akasema. "Mara moja. Nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia nyuma yangu kabisa: 'Dada, chai iko wapi?' Nikamjibu, 'Kwani huna mikono?' Halafu nikakumbuka. Nililia mpaka povu likanikaukia mikononi."

Wakacheka, wakafuta macho.

"Kumbe si wazimu," Mama Pindo alisema.

"Nani kataja wazimu? Ila mimi aliniuliza chai, akaenda zake. Wewe anakukatisha koti la watu kwa vipimo vyake. Anakwambia nini kingine?"

Mama Pindo alichezea chaki. "Ananikataza kula. Anasema chakula si changu. Nikisinzia ananigombeza, basi nakaa macho hadi kunakucha. Na siku hizi hata mchana namsikia, cherehani ikinyamaza."

Ndipo wifi alipomtazama vizuri. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Gauni lilimpwaya mabegani, na huyu ndiye fundi wa kuwapunguzia wengine. Wifi alijiona mjinga, kuingia na kutoka humu kila siku asione.

"Nisikilize," alisema. "Kaka yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, alikuwa anakumegea nyama ya sahani yake akijifanya ameshiba. Leo akukataze kula? Huyo si Tepu. Vaa viatu, twende hospitali."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Watamwondoa!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Watanipa dawa, wamwondoe. Nitabaki na nani humu ndani?"

Wifi alikwenda akaviokota viatu chini ya meza, akavipangusa vumbi kwa kiganja, akapiga magoti na kumvisha, kimoja baada ya kingine, kama mtoto. Mama Pindo hakukataa.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimpa pole ya msiba. Aliuliza habari za usingizi, za chakula, kisha akaegemea mbele. "Mama, sauti hiyo imewahi kukwambia ujidhuru?"

Mama Pindo alitazama sakafu. "Inaniambia nimfuate."

Wifi akaudaka mkono wake, na hakuuachia tena mpaka walipotoka.

"Wengi waliofiwa husikia sauti ya mtu wao," daktari alisema, "na wengi hutulia wenyewe. Lakini ikianza kuamuru, ikikunyima chakula na usingizi, ikikuita umfuate, hapo hatusubiri hata siku moja. Umefanya vizuri kuja."

"Mkiondoa hii, na yule wa mwanzo ataondoka? Yule wa vipimo?"

"Sijui, mama. Siwezi kukudanganya. Ila hii ikiachwa, wewe ndiye utakayeondoka."

Wakarudi na dawa. Wifi akahamia mle ndani na godoro lake na mikoromo yake, akawa anamchunga mchana na usiku. Walirudi kwa daktari mara kadhaa. Sauti ilipungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja Mama Pindo akaamka jua limeshaingia chumbani, amelala fofofo usiku kucha, hakusikia kitu. Aliketi kitandani akalia kwa uchungu. Alijionea aibu kwa kulala vizuri.

"Hayupo," alimwambia wifi, aliyemletea chai na mkate. "Nimemtegea sikio. Hayupo kabisa."

"Kula kwanza."

Alikula. Njaa ilikuwa imemrudia, nayo ilimuudhi. Wifi alimtazama akitafuna, kisha akasimama, akatoa kifua mbele, akaifanya sauti nzito kama ya kaka yake. "Nani kauficha mkasi wangu?"

Mama Pindo alitikisa kichwa, mkate mdomoni. "Wapi! Hujampata hata chembe. Yeye alianza na kikohozi."

"Haya, nionyeshe wewe uliyelala naye."

Akameza. Akapangusa makombo, akakohoa kile kikohozi kifupi cha mtu anayejua kosa ni lake, akaliburuta neno la mwisho hadi likakaribia kuwa ombi. "Nani kauficha mkasi wanguuu?"

Wifi alikuwa ameshaanza kufunua vitambaa mezani, akiutafuta.