Majina Kumi na Moja Katika Rejesta

Mwalimu haponi ugonjwa wa kuita majina. Mweke mahali penye watu zaidi ya watano, na kabla hajasema lolote la maana atatafuta kalamu aandike nani yupo na nani hayupo. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza Eucabeth, mwalimu wa pekee wa shule ya shamba iliyokuwa chini ya machimbo ya Kariandusi, Jumamosi moja ya Juni mwaka 1956.

Siku hiyo vyama vinne vya walimu vilikutana darasani kwake: chama cha walimu wa mjini Nakuru, cha shule za misheni, cha shule za Waislamu, na kile kidogo cha walimu wa mashambani, ambacho Eucabeth alikuwa katibu wake kwa sababu tu alikuwa na mwandiko mzuri. Walitaka kuunda muungano mmoja wa bonde zima, ili mwalimu akifukuzwa Molo, mwenzake wa Longonot ajue na aseme. Walichagua shule yake kwa kuwa ilijificha, na mwenye shamba alikuwa ameenda Nakuru kwenye maonyesho ya kilimo. Leseni hawakuwa nayo, kwani waliiomba mara mbili wakanyimwa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mkutano bila leseni ya DC, mkuu wa wilaya, ulikuwa jela. Kwa Wangare, mwalimu kutoka Dundori, ulikuwa jambo baya zaidi ya jela. Yeye alikuwa Mkikuyu, kibali chake cha njia kilisema anakwenda kumtazama dada mgonjwa, na wenzake waliokamatwa na kibali cha uongo walipelekwa kambi ya kizuizini na hawakuwa wamerudi.

Karatasi hazikuwepo. Eucabeth akachukua rejesta ya shule, akafungua kurasa za nyuma zilizokuwa bado tupu, akaandika majina kwa wino na kuyatia alama ya kuhudhuria. Yalikuwa kumi na moja.

"Mimi niandike wa kwanza, binti," alisema Kipkemboi. "Cheti changu ndicho cha zamani kuliko vyote hapa."

Huyu Kipkemboi alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja mjini Nakuru. Alivaa tai hata siku za mapumziko, na kichwa chake kilikuwa kimevimba kwa miaka ishirini na sita ya kuamkiwa na watoto. Ni yeye aliyeuvunja mkutano. Alisema walimu wa mashambani waingie muunganoni, sawa, ila wasipige kura, maana hawana vyeti na kwa haki kabisa hawafai kuitwa walimu. Alisema hayo akiwa ameketi kwenye kiti cha Eucabeth, ndani ya darasa la Eucabeth. Watu wakazozana mpaka jua likainama, kila mmoja akaenda zake akiwa amenuna, na muungano ukabaki maneno.

Eucabeth aliumia sana. Alikuwa akifundisha watoto tisini peke yake, na neno binti lilimkaa kooni usiku kucha.

Kesho yake, Jumapili, alipofungua rejesta apige mistari ya wiki mpya, ndipo akaona alichokifanya. Rejesta ile haikuwa daftari lake. Ilikuwa mali ya ofisi ya elimu, kila ukurasa una namba na mhuri, na kuchana ukurasa mmoja kulitosha kumfukuzisha mtu kazi. Akifukuzwa kazi amefukuzwa na nyumba, kwa sababu chumba alicholala yeye na mama yake kilikuwa cha shamba. Na mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu.

Akatafuta njia kila upande asiione. Kuichoma rejesta ni kufukuzwa. Kuiacha ilivyo ni kumpeleka Wangare kambini kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho akachovya kalamu, akaandika juu ya yale majina, kwa mwandiko wake mzuri: Darasa la Watu Wazima, Jumamosi.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mgeni, ana wiki tatu nchini, uso bado mwekundu kwa jua. Alifuatana na karani wake, Saad, kijana wa familia za Kiislamu za pale mjini, ambaye ndiye aliyemtafsiria. Mkaguzi alifunua kurasa moja moja mpaka akaufikia ule wa nyuma, akausoma, kisha akasema maneno mengi kwa Kiingereza huku akitabasamu.

"Anasema amefurahi sana," Saad akatafsiri. "Hakuna shule nyingine ya shamba inafundisha wazee kusoma. Anasema atakuja Jumamosi hii awaone hao wanafunzi wenyewe. Wote kumi na mmoja."

Saad alikuwa anautazama ukurasa. Kidole chake kilisimama kwenye jina la kwanza, kikakaa hapo kitambo, halafu akaifunga rejesta. Eucabeth alishukuru kwa Kiingereza chake kidogo. Gari lilipoondoka aliketi kizingitini. Alikuwa amejifungia mlango kwa ndani, na sasa alikuwa amewafungia na wengine kumi na mmoja.

Wengi hawakuhitaji kubembelezwa. Walipopata habari waliogopa, wakakubali. Wangare alituma neno moja kwamba atakuja. Aliyebaki ni Kipkemboi. Jumatano Eucabeth aliwaachia watoto mapema, akapanda gari la moshi kutoka stesheni ya Elmenteita hadi Nakuru, akamkuta amemwinamia mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akivunja chaki ubaoni.

"Legeza mkono," alikuwa akimwambia. "Chaki si jembe."

Alimsikiliza Eucabeth mpaka mwisho, tai ikimpanda na kushuka shingoni.

"Mimi nikae kwenye benchi ya watoto nijifanye sijui A? Mbele ya mtu naweza kumzaa? Hapana, binti."

"Jina lako ndilo la kwanza, mzee. Ataita hilo kabla ya yote. Ukikosa ataanza kuuliza wewe ni nani, na wa kujifanya wewe sina wa kumwamini."

"Ni wewe uliliandika."

"Ni wewe uliniambia niliandike la kwanza."

Kipkemboi alimgeukia yule mtoto wa chaki, naye Eucabeth akarudi stesheni na uchungu wake. Alimchukia mzee yule njia nzima, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kumhitaji.

Jumamosi saa nane watu kumi walikuwa wamebanana kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Walikuwa wamevua saa, wameficha kalamu, na mmoja wa misheni alikuwa ameazima koti lililochanika la mkamua maziwa. Wakati mwingine lingekuwa jambo la kuchekesha. Wangare aliketi mbele kabisa, ameshika ubao mdogo wa kuandikia kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyecheka. Mkaguzi akaingia na Saad, akaketi kwenye kile kiti cha Eucabeth, akamwashiria aite majina.

"Kipkemboi," Eucabeth aliita, na sauti yake ikagonga mabati bila kujibiwa. Mkaguzi akainua macho. Eucabeth aliita tena, polepole, kama mtu anayevuta muda kwa kamba. Tayari alikuwa anamwona mama yake amekaa kando ya barabara na sufuria zao.

Mlango ukasukumwa. Kipkemboi aliingia bila tai, bila miwani, bila viatu, suruali imejaa vumbi jeupe la machimbo hadi magotini, maana alitembea kutoka stesheni. Alisimama wima kama watoto wake wanavyosimama.

"Nipo, mwalimu," akasema. "Nisamehe nimechelewa."

Eucabeth aliweka alama. Hakujua kama neno mwalimu alilisema mzee au hofu.

Walisoma ba, be, bi kwa pamoja, kwa sauti za watu wazima zilizokwama kila mahali palipostahili. Mkaguzi aliridhika. Kisha akamnyooshea kidole Kipkemboi, na Saad akatafsiri: aandike A ubaoni.

Mzee alishika chaki kwa ngumi. Alijaribu kuandika vibaya, na hapo ndipo kila mtu alipoona jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Mkono wenye miaka ishirini na sita ya herufi safi ulikataa kupotoka. Ulipanda ukaanza kuchora mstari mzuri, akausimamisha kwa nguvu, na jasho likamtoka. Mkaguzi alikunja uso. Alimwambia Saad kitu.

"Anasema nikusaidie," alisema Saad.

Alisimama nyuma ya mzee, akauzungushia mkono wake ule mkono mkavu. Alikuwa amekuwa mrefu kuliko yeye. Eucabeth, aliyekuwa karibu, ndiye peke yake aliyemsikia.

"Legeza mkono," Saad alisema taratibu. "Chaki si jembe."

Eucabeth alielewa hapo hapo. Kijana huyu alijua tangu Jumatatu. Kipkemboi alifumba macho. Mkono wake ulilegea ndani ya mkono wa mwanafunzi wake wa zamani, na pamoja wakaandika A iliyopinda vibaya sana, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mkaguzi alipiga makofi. Saad alikwenda dirishani akafuta macho kwa mkono wa shati, akisema ni vumbi la machimbo.

Kabla ya kuondoka mkaguzi aliandika kwenye rejesta, naye Saad akasoma: darasa likutane kila Jumamosi hadi Desemba, wanafunzi ni hawa hawa kumi na mmoja, shamba na ofisi ya DC wapewe habari na vibali vya njia vitolewe. Atakuwa anapita kuona wamefika herufi gani.

Gari liliposhuka bondeni hakuna aliyeinuka. Walikuwa wameruhusiwa kukutana na walikuwa wamenaswa, yote mawili kwa wino mmoja. Kipkemboi alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa. Sasa hapakuwa na mtu wa kumlazimisha kitu. Eucabeth alisubiri aitwe binti.

Mzee aliinua mkono juu, kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Mwalimu," akasema. "Ile hoja yangu, walimu wa mashambani waingie bila kura. Naiondoa."

Mikono mingine kumi ikapanda, ule wa Wangare kwanza.

"Mbona huandiki?" Wangare alimwuliza Eucabeth.

"Siandiki tena," Eucabeth alisema. "Hiyo tutaikumbuka."

Akaifuta A iliyopinda, akaandika B kubwa ubaoni, kwa maana Jumamosi ijayo ilibidi wawe wameijua.